Siku Hati ya Mshahara Itakapokoma: Maneno kwa Wanaotaka Kustaafu Mapema

Maneno haya yalisemwa Jumamosi asubuhi mjini Nakuru, mbele ya walimu, wauguzi, maafisa wa kaunti na wafanyakazi wa benki waliokaribia miaka 50 au kuipita kidogo. Yamewekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu au safarini. Picha za ukutani tumeziacha, lakini hesabu zilisomwa kwa sauti, kwa hiyo zimo.

Bwana Mwenyekiti, walimu wetu, akina mama na akina baba, hamjambo?

Naomba nianze kwa kuwauliza. Ni nani hapa aliyelipa bima yake ya afya ya mwezi uliopita kwa mkono wake mwenyewe? Ni nani aliyepeleka ushuru wake kwa mkono wake? Ni nani aliyekwenda dirishani kulipa mkopo wa Sacco, akapanga foleni, akapewa risiti? Sioni mkono. Na bado vyote vimelipwa. Vimelipwa na nani?

Vimelipwa na hati ya mshahara, peislipu kama tunavyoiita kazini. Ile karatasi ni mtumishi asiyelala. Mwezi ukifika mwisho inakata asilimia 2.75 na kuipeleka bima ya afya ya jamii. Inakata NSSF, ule mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Inakata ushuru wa nyumba, asilimia 1.5. Inalipa Sacco, inalipa benki, inalipa bima ya maisha, inalipa hata mchango wa matanga ofisini. Wewe unapata ujumbe kwenye simu kwamba kilichobaki kimeingia, basi. Siku utakayostaafu, mtumishi huyo ataondoka siku hiyo hiyo. Kazi zake zitabaki. Nani atazifanya?

Hilo ndilo lililonileta. Wengi wetu tunadhani kustaafu mapema ni barua: unaiandika, inajibiwa, mnakata keki, umestaafu. Mimi nasema kustaafu mapema ni kuzihamisha kazi za hati ya mshahara, moja baada ya nyingine, wakati hati ingali hai. Kazi hiyo huchukua miaka miwili, pengine mitatu. Aliyeimaliza akatoka akiwa na miaka 50 huishi vizuri. Ambaye hakuianza hupata taabu hata akitoka na 60.

Tuanze na sheria, kwa ufupi. Umri wa lazima wa kustaafu kwa mtumishi wa umma ni miaka 60. Ulipandishwa kutoka 55 mwaka 2009, na kwa wenye ulemavu ni 65. Lakini Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, inamruhusu mtumishi aliyefika 50 kuomba kustaafu kwa hiari na kulipwa pensheni, mradi ametumikia miaka 10 au zaidi. Angalieni neno lenyewe: kustaafu. Usiandike kwenye barua yako kwamba unajiuzulu. Kwenye faili, kujiuzulu na kustaafu ni njia mbili, na anayejiuzulu akiwa na miaka 48 kwa uchovu anaweza kuiacha pensheni ya miaka 24 mezani. Kama umechoka na umebakiza miaka miwili, omba likizo, omba uhamisho, omba ushauri. Usiandike barua ile.

Sasa hesabu. Naomba mtoe kalamu.

Tuchukue mwalimu mmoja, tumweke Njoro. Ana miaka 50, ametumikia miaka 25 kamili, yaani miezi 300. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 62,000 kwa mwezi. Nimesema wa msingi. Marupurupu ya nyumba hayamo, ya usafiri hayamo, ya mazingira magumu hayamo. Pensheni haiyajui marupurupu, na hapa ndipo wengi huanza kukosea. Chini ya mpango wa zamani, kila mwezi uliotumikia unakupa sehemu moja katika 480 ya mshahara wa mwaka. Mshahara wake wa mwaka ni 744,000. Zidisha kwa 300, gawanya kwa 480: unapata 465,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo pensheni kamili, sawa na 38,750 kwa mwezi.

Lakini karibu kila mtu huchagua kiinua mgongo. Robo ya ile pensheni ya mwaka, yaani 116,250, inazidishwa kwa 20. Mwalimu wetu anapewa 2,325,000 mara moja, na pensheni yake inashuka hadi robo tatu: 29,062 na senti 50 kwa mwezi.

Je, angengoja hadi 60, mshahara ukiwa ule ule? Miezi ingekuwa 420. Kiinua mgongo kingekuwa 3,255,000 na pensheni 40,687 kwa mwezi. Tofauti ni kama shilingi 930,000 mkononi na 11,600 kila mwezi. Hiyo ndiyo bei ya miaka 10 ya uhuru, mbali na mishahara yenyewe ambayo hatapokea. Sisemi ni ghali, sisemi ni rahisi. Nasema ijue bei kabla ya kununua.

Walio kwenye mpango mpya wa utumishi wa umma, ule ulioanza Januari 2021, hesabu yenu ni nyingine. Huko hakuna 480. Kuna mfuko: wewe unaweka asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, serikali inaweka 15, na unachopata ni kilichokusanyika pamoja na faida yake. Ulizeni pia, kwa maandishi, hesabu ya miaka mliyotumikia kabla ya 2021. Wa mashirika na benki mnafanana nao. Mpango wa pensheni hukupa hadi theluthi moja mkononi, na theluthi mbili hununua pensheni ya kila mwezi kutoka kampuni ya bima, au huingia kwenye mfuko wa kujilipa kidogo kidogo. Mfuko huo hudumu miaka isiyopungua 10, na hutoi zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka.

Hapo kwenye kununua pensheni, simameni kidogo. Ukinunua ukiwa na miaka 50, kampuni inajua itakulipa kwa muda mrefu, kwa hiyo kila mwezi itakupa kidogo kuliko ingempa wa 60. Uliza maswali matatu. Inapanda kila mwaka, au ni ile ile hadi mwisho? Nikifa, mwenzangu anaendelea kulipwa? Imehakikishwa kwa miaka mingapi? Pensheni isiyopanda ni hatari kwa anayestaafu mapema, na sababu yake ni hesabu tu. Bei zikipanda kwa asilimia 7 kwa mwaka, zinaongezeka maradufu katika muda wa miaka 10 hivi. Ukiwa na 60, ile 30,000 yako itanunua kinachonunuliwa na 15,000 leo. Ukiwa na 70, kama 7,500.

Wasomaji wa mambo ya kustaafu mapema mtakuwa mmeikuta kanuni ya asilimia 4: toa asilimia 4 ya akiba yako mwaka wa kwanza, kisha uongeze kwa kiasi cha mfumko wa bei. Kanuni hiyo ilitolewa mwaka 1994 na mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, kwa kutumia bei za hisa na bondi za Marekani, kwa mtu atakayeishi miaka 30 baada ya kustaafu. Si kanuni mbaya. Lakini haikupimwa kwa shilingi, wala kwa mtu wa kule Bahati anayesomesha watoto wa ndugu yake. Itumieni kupima kama mko karibu au mbali, msiitumie kuandikia barua.

Sasa nije kwenye mtego ambao, kwa maoni yangu, umewaangusha wengi kuliko yote. Hebu tumwone muuguzi. Mshahara wa msingi 62,000, marupurupu 20,000, jumla 82,000. Ana mkopo wa benki na wa Sacco. Sheria ya Ajira inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, naye amefika ukingoni: anapokea 27,400 kila mwezi na amezoea kuishi nazo. Siku moja anapiga hesabu ya pensheni, anapata 29,000. Anafurahi! Anasema, kumbe nikikaa nyumbani nitapata zaidi ya ninachopata nikienda kazini! Anaandika barua.

Amesahau nini? Amesahau kwamba mikopo haistaafu. Zile 30,000 na kitu zilizokuwa zikikatwa kila mwezi bado zinadaiwa kila mwezi, ila sasa zinadaiwa kutoka kwake, si kutoka kwa mwajiri. Pensheni yote haitoshi kuzilipa. Ndipo kiinua mgongo kinamezwa na benki katika wiki moja, naye anabaki na 29,000 za maisha yote.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, miaka mitatu kabla: usichukue mkopo mpya ambao tarehe yake ya mwisho inapita tarehe yako ya kutoka. Hata wa kununua ploti. Hata wa karo, ikiwezekana. Hatua ya pili: andika mikopo yote kwenye karatasi moja, salio na mwezi wa mwisho, kisha anza kuua ule wenye riba kubwa.

Na Sacco, ndugu zangu. Sacco ni rafiki, lakini ina vifundo viwili. Cha kwanza: akiba unayorudishiwa na mtaji wa hisa ni vitu viwili. Akiba hurudishwa, na Sacco nyingi hutaka notisi ya siku 60. Mtaji wa hisa haurudishwi. Unamhamishia au kumuuzia mwanachama mwingine. Cha pili ni udhamini. Muuguzi wetu ana akiba ya 600,000, lakini amewadhamini wenzake watano. Akiomba akiba yake anaambiwa angoje, hadi wale watano walipe au walete wadhamini wengine. Mmoja alihamia Lodwar na hashiki simu. Mwingine ameshaacha kulipa. Je, mnajua mmemdhamini nani, na kwa kiasi gani? Kila mmoja wenu anaweza kwenda kwenye Sacco yake Jumatatu na kuomba orodha ya mikopo aliyoidhamini. Ni karatasi moja. Iombeni miezi 18 kabla ya kutoka, muanze kuwafuata wenzenu kwa upole wakiwa bado mnakutana nao kazini. Ukishatoka getini, upole huo hauna nguvu.

Wala si lazima kuiacha Sacco. Nyingi humruhusu mstaafu aendelee kuweka akiba kwa agizo la benki au kwa M-Pesa. Muulizeni meneja kabla, si baada.

Tatu: pengo. Mshahara hukoma mwisho wa mwezi, na pensheni haianzi mwezi unaofuata. Faili hutoka kwa mwajiri, huenda Idara ya Pensheni, huhesabiwa, hurudishwa kama kuna kasoro, huenda tena. Ni miezi. Kinachorudisha faili ni vitu vidogo. Kitambulisho kinasema Wanjiku, cheti cha shule kinasema Wanjiku Mary, NSSF ina Mary W., benki ina jina la ndoa. Tarehe ya kuzaliwa kwenye barua ya ajira haifanani na ya kitambulisho. Barua ya kupandishwa cheo ya mwaka 2009 haionekani. Namba ya akaunti imekosewa tarakimu moja. Haya yote hurekebishwa kwa urahisi ukiwa bado kazini na karani wa wafanyakazi yuko ghorofa ya pili. Ukiwa nyumbani Subukia, kila barua ni nauli.

Weka faili lako mwenyewe, nakala ya kila kitu: barua ya kwanza ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo, hati ya mwisho ya mshahara, kitambulisho, PIN ya KRA ile ya ushuru, kadi ya benki, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nendeni NSSF pia mkaangalie kama michango ya miaka yote imeingia. Kuna waajiri waliokata bila kupeleka, na mwajiri aliyefunga duka ni vigumu kumdai. Mafao ya NSSF huweza kuombwa kuanzia miaka 50 ukiwa umeacha ajira.

Na kwa hilo pengo, muwe na matumizi ya miezi 12 mkononi. Nyumba yenu inakula 45,000 kwa mwezi? Basi ni 540,000. Msiziweke zote mahali pamoja. Karibu 140,000, za miezi mitatu, ziwe kwenye mfuko wa soko la fedha ambao unaweza kutoa kwa siku mbili tatu. Laki moja na nusu ziwe kwenye hati za Hazina za siku 91, yaani mkopo mfupi unaoipa serikali. Laki mbili na nusu kwenye za siku 182. Kila moja inaiva wakati ile ya mbele yake imekwisha. Akaunti hufunguliwa kwenye simu, kwa programu ya Benki Kuu inayoitwa DhowCSD. Hakuna haja ya wakala, na yeyote anayewaomba ada ya kuwafungulia, mkwepeni.

Ushuru nitaupita haraka. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mafao ya mpango uliosajiliwa hayatozwi ushuru ukiwa umefika umri wa kustaafu wa mpango wako, ukitoka kwa sababu ya ugonjwa, au ukiwa umekuwa mwanachama kwa miaka 20. Kama umebakiza miezi minne kutimiza miaka 20, ngoja hiyo miezi minne! Na mkishastaafu, endeleeni kuwasilisha taarifa ya ushuru kila mwaka kabla ya Juni 30.

Sasa afya. Bima ya mwajiri huisha siku ya mwisho ya kazi, na si yako tu: ya mke, ya mume, ya watoto. Bima ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, haikatwi tena yenyewe. Asiye na mshahara hupimwa kwa mapato ya nyumba yake, na hulipa ya mwaka mzima mara moja. Mapato yakipimwa kuwa 40,000, ni 1,100 kwa mwezi, yaani 13,200 kwa pamoja. Ya chini kabisa ni 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka. Piga *147# uhakikishe umesajiliwa, pamoja na wategemezi wako, na kwamba umelipa. Unajua watu hugundua wapi kwamba hawajalipa? Kwenye kaunta ya hospitali, saa nane usiku, mgonjwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Mwaka wa mwisho wa kazi, itumieni bima ya mwajiri. Pimeni presha, sukari, macho, meno. Akina mama, mlango wa kizazi na matiti. Akina baba, tezi dume. Najua hampendi, nendeni. Kama unataka bima ya binafsi, inunue kabla ya kutoka. Kampuni nyingi hazipendi mwanachama mpya mwenye umri mkubwa, na ugonjwa uliokuwa nao tayari huwekewa muda wa kungoja. Muda huo afadhali uishe ukiwa bado na bima ya kazini. Na kama mpango wenu wa pensheni una mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu, wekeni humo sasa: hadi 15,000 kwa mwezi huondolewa kwenye hesabu ya ushuru.

Nimefika kwenye kiinua mgongo. Hapa nitakaa.

Kumbukeni mwalimu wetu: akichukua 2,325,000 anapunguziwa 9,687 kila mwezi. Gawanyeni. Ni miezi 240, miaka 20. Kwa maneno mengine, hakupewa zawadi. Amelipwa mapema miaka 20 ya sehemu ya pensheni yake. Akiiweka pesa hiyo mahali panapompa asilimia 10 safi kwa mwaka, atapata kama 19,000 kwa mwezi, mara mbili ya alichokiacha, na mtaji bado upo. Akinunua gari nayo, ameuza 9,687 za kila mwezi kwa kitu kinachotaka mafuta. Uamuzi huo haurudi nyuma ukishalipwa. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Bondi za serikali, yaani mkopo wa miaka mingi unaoipa serikali, huanzia 50,000. Hulipa riba kila miezi sita. Mtu mwenye subira hununua tatu zenye miezi tofauti: moja ya Januari na Julai, moja ya Machi na Septemba, moja ya Mei na Novemba, akawa na riba kila baada ya miezi miwili. Ushuru wake ni asilimia 10 kwa bondi za miaka 10 na kuendelea, 15 kwa fupi zaidi, na za miundombinu hazitozwi. Ila jueni: ukitaka kuiuza katikati na riba sokoni imepanda, utauza kwa hasara. Pesa ya karo ya mwaka ujao si ya bondi ya miaka 20.

Nyumba za kupangisha. Najua ndiyo ndoto ya nusu ya ukumbi huu. Kiamunyi, Lanet, Bahati, karibu na chuo kule Njoro. Sizipingi. Nitasema kinachoharibika. Kinachoharibika ni kwamba pesa huishia kwenye lenta. Mtu ana milioni mbili na laki tatu, fundi anamwambia vyumba vinane vinatosha, hakuna mchoro wa vifaa na bei, hakuna aliyehesabu choo, tangi, umeme, geti. Kuta zinasimama, paa halipo, pesa imekwisha. Nyumba isiyo na paa hailipi kodi hata shilingi moja, na mvua ya Aprili inaila. Vyumba vinne vilivyokamilika na vina wapangaji ni mali. Vinane vilivyoishia lenta ni deni.

Kabla ya kujenga, lipeni mpimaji wa vifaa na bei, kisha ongezeni asilimia 15 juu ya jumla yake. Pimeni udongo: mji wetu uko ndani ya Bonde la Ufa, na baada ya mvua kubwa kuna sehemu ardhi hupasuka. Mkichimba kisima, pimeni floraidi kabla ya kuwaahidi wapangaji maji ya kunywa. Sisi tunaoyaona meno ya watoto wa hapa tunajua. Kisha pigeni hesabu ya kodi kwa ukali. Vyumba vinane kwa 5,000 ni 40,000. Daima kimoja kitupu: 35,000. Ushuru wa kodi ya nyumba, asilimia 7.5: kama 2,600. Mlinzi, taka, taa, bomba lililopasuka. Mkononi zinabaki pengine 25,000. Kama bondi ingekupa hizo bila kugongewa mlango usiku, basi umejenga kwa ajili ya wajukuu, na si vibaya, mradi ulijua.

Na shamba? Shamba lianze wakati hati ya mshahara ingali inalipa. Parachichi la Hass la kubandikwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Ekari moja, kwa nafasi ya mita 5 kwa 5, hubeba miche kama 160. Ukipanda ukiwa na 47, unavuna ukiwa na 50. Ukipanda ukiwa na 50 kwa kiinua mgongo, utaila mtaji miaka mitatu ukimwagilia. Ndama jike naye hukaa zaidi ya miaka miwili kabla hujamkamua. Wa Molo mnaopenda viazi, mbegu ya kuthibitishwa, na msirudie viazi palepale kila msimu. Mnyauko ukishaingia shambani hautoki kwa maombi. Anza na robo ekari. Kosa la robo ekari mshahara unalimeza.

Jambo moja zaidi kuhusu kiinua mgongo: habari zake hufika kijijini kabla ya pesa. Atakuja binamu na matatu ya kununua pamoja. Atakuja mchungaji na kanisa lenye paa bovu. Atakuja kijana mwenye programu ya simu inayozaa asilimia 30 kwa mwezi. Huyo msimfungulie hata geti. Kaeni mume na mke, mkubaliane kabla: siku 180 za kwanza hatutii sahihi kitu chochote. Pesa ikae kwenye hati za Hazina za siku 182. Anayeomba apewe jibu la kweli: imefungwa hadi mwezi fulani. Kiasi cha kusaidia ndugu kitengwe, kijulikane, kiishe. Kusaidia ni wajibu wetu. Kusaidia bila kipimo ni kuwaachia watoto wako kazi ya kukusaidia wewe.

Sasa mtajuaje kama mko tayari? Mjaribu. Kuanzia Novemba hadi Aprili, ishini kwa ile pensheni mliyoihesabu, 29,000 kama ni 29,000, pamoja na mapato mengine mliyo nayo kweli, si mnayotarajia. Siku mshahara ukiingia, agizo la benki lipeleke kinachozidi kwenye akaunti nyingine. Kwa nini Novemba hadi Aprili? Kwa sababu ndani yake mna Krismasi, mna karo ya Januari, na mna mbegu na mbolea za msimu wa mvua. Jaribio la Juni na Julai ni la uongo. Mkishindwa mwezi wa tatu, mmejifunza kwa bei rahisi sana. Ahirisheni mwaka mmoja. Mkiweza, mna akiba ya miezi sita ambayo hamkuwa nayo.

Na jaribuni siku pia. Chukueni likizo ya siku 30 msisafiri. Kaeni nyumbani. Amkeni Jumatano saa tatu asubuhi, hakuna anayewaita Mwalimu Mkuu, hakuna anayewapigia simu kuuliza faili liko wapi. Mke anakwenda kazini, watoto wako shule. Je, mnafanya nini hadi saa kumi? Nimeuliza swali hili katika vikao vingi, na ukimya wake ni mrefu kuliko ule wa hesabu. Mtu aliyekuwa na cheo miaka 25 huanza kumsimamia mkewe jikoni, na nyumba inakuwa na migogoro ambayo haikuwepo. Semezaneni. Nani atapika akiwa nyumbani mchana? Pesa za mwenye mshahara na za mwenye pensheni zitakaa chungu kimoja? Tafuteni kazi ya saa kumi na tano kwa wiki inayowahitaji: kufundisha ziada, hesabu za kanisa, bodi ya shule, zamu mbili za zahanati. Itafuteni mwaka mmoja kabla.

Bwana Mwenyekiti ananionyesha saa. Tutakula, kisha saa nane kamili tunarudi hapa hapa. Kila mmoja aje na hati yake ya mshahara ya mwezi uliopita, kalamu na karatasi tupu. Msiogope, hakuna atakayeiona ya mwenzake. Tutaanza na mstari wa kwanza wa makato, tuandike mbele yake jina la atakayeulipa, kwa njia gani na kuanzia mwezi gani, halafu tushuke mstari mmoja mmoja hadi chini.